Mimba ya Mgongoni

Binti yangu hana macho, na mimi ninamjua mtu aliyeyachukua. Anakaa avenue ya pili kutoka kwangu, hapahapa mjini Baraka, na kila asubuhi anafagia kiwanja chake kama mtu asiye na hatia. Dokta atakuambia ni ugonjwa. Sikatai, ugonjwa ndio ulioingia. Lakini kuna mtu aliyeushikia mlango, akaupa kiti, akaufunika kitenge ili tusiuone. Mtu huyo ni wifi yangu, dada mkubwa wa bwana wangu, shangazi wa watoto wangu. Nitaeleza alivyofanya, halafu nitaeleza nilivyomfanya na mimi. Anayetaka kunihukumu angoje kwanza nimalize.

Bwana wangu anachimba dhahabu huko Misisi. Anakuja nyumbani mara mbili tatu kwa mwaka, na simu yake siku nyingi haipatikani. Mimi ni mwanamke wa biashara: napandisha chumvi, sabuni na nguo Kilembwe, nashusha karanga na mchele. Kwa hiyo nyumbani kwetu, mwanaume asipokuwepo, sauti ya ukoo wake ni dada yake. Huyo dada ndiye aliyenipokea siku ya ndoa yangu, akanishika mkono, akasema, "Muke wetu, huku kwetu hatugombanaki, tunasemezana." Na niseme ukweli, nilimpenda. Watoto wangu wawili wa mwisho ni yeye aliyewapokea kwa mikono yake, mvua inapiga, njia ya kwenda hospitali haipitiki. Yeye mwenyewe alizaa wavulana tu, basi huyu binti wangu wa kwanza alimfanya wake. Alimsuka, alimfundisha kusonga ugali, alimpa kitenge chake cha kwanza. Ndiyo maana hasira yangu haipoi.

Binti alikuwa na miaka kumi na tatu, mrefu kama baba yake na mwenye mdomo kama mimi. Ilianza na kichwa. Anaamka, anashika kichwa kwa mikono miwili, anatoka mbio nyuma ya nyumba, anatapika. Akishatapika, saa moja haipiti anasema njaa, anakula, anavaa uniforme, anakwenda shule anacheka. Kituo cha afya walituandikia malaria, tukameza. Wakaandika minyoo, tukameza. Wakaandika tifoide, tukameza hiyo pia, na kila asubuhi anatapika vilevile.

Mwezi wa pili alianza kutembea miguu imepanuka, mgongo umerudi nyuma kidogo, kama mtu anayesimama ndani ya mtumbwi. Akawa anainamisha kichwa upande mmoja. Akawa analala mchana, yeye ambaye hata homa haikuwahi kumlaza. Alisema shingo inamuuma mpaka mgongoni.

Sasa wewe unayesoma, kama ni dokta, umeshajua. Lakini sisi tuliona nini? Msichana aliyevunja ungo mwaka uleule, miezi miwili hajaona siku zake, anatapika asubuhi, analala mchana, anatembea kapanua miguu. Mama yeyote wa Baraka angekupa jibu kabla hujamaliza kuuliza. Wifi ndiye aliyelitamka wa kwanza, tukiwa tunapeta mchele uani kwake.

"Muke wetu, huyu mutoto iko na mimba."

"Dada, huyu angali mutoto."

"Na mimba inaingiaka kwa bazee?"

Sikucheka. Nilirudi nyumbani nikamwita binti, nikamuuliza kwa upole, halafu nikamuuliza kwa fimbo. Ndiyo, kwa fimbo. Alilia, akasema hajaguswa na mtu. Nilimwamini nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa inamsikiliza wifi.

Maneno yakafika shule. Direkta akaniita, akaniambia kwa heshima kabisa kwamba mtoto akae nyumbani mpaka niletee karatasi ya dokta, maana wazazi wengine wameanza kunung'unika. Tukaenda kufanya echo, ile picha ya tumbo, mimi, binti na wifi, kwa fundi mmoja aliyefungua chumba chake karibu na soko. Alimpaka mtoto yale mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile kichuma, akatazama kioo chake muda mrefu. Mimi niliona mvua ya kijivu tu. Akasema, "Tumbo ni safi. Hakuna mtoto humu."

Nikasema Mungu asifiwe, nikamwambia binti avae. Yule fundi hakuinuka. Akamuuliza binti kichwa kinauma saa ngapi, anatapika saa ngapi, kwa nini anainamisha shingo. Binti akajibu vizuri yote. Fundi akaniambia, "Mama, mimi niko na mashine ya tumbo tu. Lakini mupelekeni kwa dokta wa hospitali, baangalie kichwa. Musikawie."

Nataka usikie vizuri siku hiyo, maana ni siku ya kesi yangu yote. Siku hiyo binti yangu alikuwa anaona. Alisoma bango la mlangoni kwa sauti, akasahihisha hata kosa la maandishi. Na mtu mwenye akili alitunyooshea kidole pale palipokuwa na moto.

Tulipotoka nje wifi alisonya. "Kichwa! Kwani mutoto iko wazimu? Ile mashine inaangaliaka mbele. Mimba ya huyu iko mugongoni."

Kama wewe si wa kwetu utacheka. Kwetu hatucheki. Kila mtu anajua kwamba mimba inaweza kurudi mgongoni. Mwanamke akipata woga, au akiilaani mimba yake, inapanda nyuma, inajificha kwenye uti, inakaa hata mwaka, mpaka itafutiwe mizizi ishuke. Mama yangu mzazi alinihadithia kwamba mimi mwenyewe nilikaa mgongoni mwake miezi minne wakati wa vita, wakiwa wamekimbilia milimani, nikashuka waliporudi. Nilikua na hiyo hadithi. Basi mtoto anayesema mgongo unauma, anayetembea mgongo nyuma, ungeniambia nini? Wifi alinipata pale pale.

Hata hivyo nilisema nitampeleka hospitali. Nilisema, nikirudi kutoka Kilembwe. Mzigo ulikuwa umeshapakiwa, lori linaondoka kesho yake, nikasema siku sita ni nini. Nikamwacha kwa shangazi yake, pamoja na karatasi ya echo ya kupeleka shule.

Mvua ilitushika huko juu. Lori lilizama kwenye matope, likatolewa, likazama tena mbele. Niliondoka kwa siku sita nikakaa wiki tatu. Nikipata mtandao napiga simu, wifi anajibu, "Mutoto iko muzuri, iko shuleni." Hakuwa shuleni. Siku ya nne baada ya mimi kuondoka, wifi alikuwa amempeleka mimba.

Hilo ni desturi yetu pia. Binti akipata mimba nyumbani, hatumfichi. Wamama wa ukoo wanabeba godoro lake, beseni lake na nguo zake, wanatoka mchana kweupe, wanaimba njia nzima ili kila mtu aone, wanamfikisha nyumbani kwa kijana mwenye mimba, yule aliyempa, wanamwacha pale na vitu vyake. Kuanzia hapo ni mtoto wa wale. Ninyi hamtii mguu kule mpaka wao waje kuzungumza. Wifi alikuwa ametafuta mwenye mimba akampata: mwanafunzi mmoja wa Lweba, wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ambaye mara mbili alionekana amempakia binti kwenye baiskeli. Alimpakia kwa sababu binti alikuwa anayumba njiani. Nani aliuliza hilo? Hakuna.

Niliporudi nilikuta kitanda cha binti kimebaki mbao. Nilikwenda kwa wifi na matope yangu miguuni.

"Mulimupeleka kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kaka yangu. Nilimupigia, akasema fanyeni vile munaona."

"Mimi je?"

"We ungelia tu." Kisha akanisogelea, akapunguza sauti. "Muke wetu, usiende kule. Ukimurudisha, umesema mutoto wako hana mwenyewe. Hata hawa badogo, nani atakuya kuwaoa?"

Lweba si mbali. Kwa pikipiki saa moja haiishi. Na mimi nilikaa. Siku kumi na mbili nilikaa nyumbani nangoja wajumbe wa Lweba waje kuzungumza, naona aibu kupita sokoni, namwachia wifi aniletee mboga. Najua unataka kuniuliza kuhusu hizo siku kumi na mbili. Usiniulize. Ninazijua moja moja. Nimezipakia kwenye mzigo wa wifi pamoja na zake, ana mabega mapana.

Siku ya kumi na tatu ilisimama pikipiki mbele ya nyumba. Alishuka mama mmoja wa Kiislamu, amejifunga ushungi mweupe, sijawahi kumwona. Alikuwa mama wa yule mwanafunzi. Katikati yake na dereva alikuwa amekaa binti yangu, amekonda, kichwa kimelala begani.

"Mama mwenzangu, sikukuya kugombana," alisema. "Nimemurudisha mutoto wako. Hana mimba, juma lililopita ameona siku zake kwangu. Lakini haoni. Anamimina chai inje ya kikombe. Jana aliamkia nguzo ya nyumba, akadhani ni mimi."

Binti alisikia nikivuta pumzi. Akageuza uso, akauelekeza kwenye bega langu. "Mama, ni we?"

Nilimbeba. Miaka kumi na tatu, mrefu kama baba yake, nikambeba kama wa juzi.

Hospitali, dokta kijana alimwangalia macho kwa taa ndogo, moja, halafu lingine, halafu la kwanza tena. Alimwambia asimame miguu pamoja. Akaanguka mikononi mwake. Aliuliza tangu lini, nikamweleza yote, mimba ya mgongoni na Lweba na godoro. Alikaa akaandika barua, akasema huku hakuna scanner, niende Bujumbura, niende leo hii, na nisimame njiani kwa sababu ya mpaka tu. Yule mama wa Lweba, ambaye ukoo wangu ulimtupia mtoto mgonjwa mlangoni pamoja na aibu, ndiye aliyenitafutia gari.

Wifi alikuja garini na chungu cha chakula amekifunga kwenye kitambaa. Nikafunga kioo. Aliweka mkono kwenye kioo, gari likaondoka na alama ya vidole vyake.

Bujumbura walimlaza binti kwenye kitanda chembamba kinachoingia ndani ya duara kubwa. Wakaniambia nisimame nyuma ya kioo. Kabla sijatoka alinishika gauni.

"Mama, hii kitu iko na rangi gani?"

"Nyeupe."

"Mi naiona kivuli tu. Nisitikisike, siyo?"

"Usitikisike."

Hakutikisika hata kidogo. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Miezi mitatu tulikuwa tunatafuta, na kitu chenyewe kilionekana kabla sijamaliza sala moja.

Dokta wa huko alikuwa mtu mzima, mpole. Aliweka picha kwenye ukuta wa taa, akaniita karibu. Mimi nauza karanga. Ubongo wa binti yangu ulikuwa kama karanga iliyopasuliwa katikati. Na kwa nyuma, pale juu ya shingo, palikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa kama yai la kuku. Akasema ni uvimbe. Akasema kichwa cha kila mtu kina maji yake, yanazunguka na kushuka mpaka mgongoni, na huu uvimbe umekalia mlango wa maji. Hayashuki, yanajaa, yanasukuma. Mtu akilala yanasukuma zaidi, ndiyo maana asubuhi kichwa kinauma na anatapika. Akiinuka na kutapika anapata nafuu. Mahali hapo ndipo panaposhika usawa wa mwili, ndiyo maana miguu inapanuka. Shingo inauma, mgongo unauma. Na macho yana kamba zake zinazokuja nyuma, nazo zimebanwa siku nyingi mno.

Niliuliza kuhusu siku zake zilizopotea. Akasema msichana wa umri huo anazikosa tu, ni kawaida.

Basi nilisimama pale nikaona alama zetu zote, zile tulizohesabu kwa vidole tukipeta mchele. Hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Tulizisoma zote, tukazipeleka tumboni.

Walimpasua mara mbili, kwanza kupunguza maji, halafu kutoa ule uvimbe. Kipande kilipelekwa kupimwa na jibu likarudi zuri: si ile aina mbaya, ni ya kukua polepole, wameutoa wote, mara nyingi haurudi. Atatembea. Atasoma kwa njia nyingine. Ataishi, mama. Wauguzi walinipa pole na hongera kwa pamoja. Lakini macho hayakurudi. Walingoja wiki, wakangoja nyingine, wakamwangalia kwa taa yao, na dokta akaniita nje ya chumba.

Nilimuuliza, "Kama ningekuja ile siku ya echo?"

"Mama, hilo swali halitakusaidia."

"Nijibu tu."

Akavua miwani. "Ile siku alikuwa anaona?"

"Alisoma bango la mlangoni."

"Basi pengine na leo angelisoma."

Ile "pengine" niliiacha Bujumbura. Nilirudi Baraka na neno lililobaki.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua ile picha, ile kubwa ya plastiki nyeusi, nikaibandika kwenye dirisha la mbele. Jua likipiga, kichwa cha binti kinaonekana na yai lake ndani. Dirisha langu linatazama njia ya soko. Kila anayepita anauliza, na mimi naacha kazi yangu, nasimama, naonyesha kwa kidole. "Hii ndiyo ile mimba ya mugongoni." Namtaja aliyeigundua. Nilifanya hivyo mwezi mzima, bila haraka, kama mtu anayepalilia. Wamama wa kanisa wakaanza kunyamaza wifi akiingia. Wajawazito waliokuwa wanamuita kushika matumbo yao wakaacha kumuita. Mikono iliyopokea nusu ya watoto wa avenue yetu ikabaki kufagia kiwanja.

Ukoo ukanisikia. Wanaume wakakaa kwenye lubunga yao, pale Wabembe wanapokatia maneno, wakaniita, wakanikalisha kwa heshima. Walikuwa wamefunga mbuzi nje, wa msamaha. Mzee mmoja akasema mbuzi huyo ni wa wifi yako, tukae tule, maneno yaishe, maji yakimwagika hayazoleki.

Nikasema, "Baba, huyo mbuzi iko na macho mawili. Niyaondoshe, nimupe mutoto?"

Nikaondoka. Bwana wangu alishuka kutoka Misisi, akakaa nje siku mbili bila kula, siku ya tatu akaniambia, "Ni dada yangu." Nikamuuliza, "Na yule ndani ni nani?" Akarudi Misisi.

Hata yule mama wa Lweba alijaribu. Mwanawe alikimbia aibu akaenda kwa ndugu Uvira, mtihani wa serikali ukampita, na wifi hajarudi Lweba kusema hata samahani. Lakini yeye, akija kumtembelea binti na kumletea samaki, ananiambia, "Muachie Mungu." Nikamjibu Mungu iko na kazi mingi, hii moja nitamusaidia. Alisikitika, lakini hakuacha kuja.

Halafu wifi akaja mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani. Binti alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, anachambua maharage kwa vidole; alikuwa amejifunza upesi, jiwe halimpiti. Wifi alisimama kwenye ua, viatu mkononi, uso umevimba. Alipiga magoti palepale mchangani bila sauti, akakunja mikono. Hakuwa anataka msamaha wangu, hilo nililiona. Alikuwa anamtazama mtoto.

Nikamfuata, nikamnong'oneza. "Unamutaka?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Utakuja kila juma. Utakaa pale kwenye kigoda, utamuona. Lakini ukifungua mudomo, hata kukohoa, hiyo ndiyo siku ya mwisho. Yeye hatajua kama ulikuya."

"Muke wetu, hata salamu?"

"Hata salamu."

Alikubali. Watu watasema ni dhambi kutumia upofu wa mtoto wangu hivyo. Ni dhambi. Sikuiita jina lingine. Lakini nilimtaka wifi aone, kwa macho yake yote mawili, kitu alichokifanya, na asiwe na ulimi wa kujitetea, yeye ambaye ulimi wake ndio ulioanza yote.

Akawa anakuja. Anavua viatu barabarani, anaingia kwa vidole vya miguu, anakaa kwenye kigoda hatua tatu kutoka kwa mtoto. Juma la kwanza tu, binti aliinua uso kutoka kwenye maharage.

"Mama, shangazi hajakuya kuniona?"

"Hajakuya."

"Hata kuuliza?"

"Hata kuuliza. Labda amekusahau."

Wifi aliuma ncha ya kitenge chake. Machozi yalimshuka mpaka shingoni na hakuyafuta, kwa kuogopa bangili zisilie. Na mimi nilifurahi. Niseme nini? Nilifurahi.

Juma la pili binti akauliza tena. La tatu, la nne. Kila juma, wifi akishakaa, lile swali linakuja, na mimi najibu. Siku nyingine nilijibu vibaya zaidi, nikasema nilimwona sokoni anacheka na wenzake. Wifi alikonda. Alizeeka mbele yangu, ilikuwa kama natazama sufuria inakauka motoni, na sikuongeza maji. Ilipita miezi mitano hivyo.

Siku moja ya kazi, mchana, nilikuwa namsuka binti. Kovu lake la nyuma ya kichwa lilikuwa limepona na nywele zimerudi, kwa hiyo nasuka kwa kuzunguka. Tulikuwa wawili tu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, shangazi amekonda?"

Vidole vyangu vilisimama. "Mi nitajua wapi?"

"We unamuonaka kila juma."

Akacheka kidogo puani. "Mama, macho ndiyo yalikwenda. Masikio iko, pua iko. Yule ni shangazi yangu, nimelala kifuani kwake tangu niko mudogo."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu juma la kwanza."

"Sasa juu ya nini unauliza kila siku kama amekuya?"

"Ili asikie." Alinyoosha shingo ili niendelee kusuka. "Ile siku walinipeleka Lweba, njia muzima nilikuwa namuita. Shangazi, sina mimba. Shangazi, nipe mukono, sioni njia muzuri. Nilikuwa nyuma yake kabisa, nimeshika kitenge chake. Alinisikia, mama. Akaongeza kuimba."

Nikaweka kitana chini. Hilo sikuwa nimeambiwa na mtu, wala wifi wala wale wamama. Nilitaka kumwambia mtoto wangu kwamba hasira ya namna hiyo ni ya watu wazima, itamla, aachie. Maneno yalifika mdomoni nikayaona ni ya uongo, maana nani alimfundisha? Nikamuuliza tu, "Na siku gani utamuambia kama unajua iko pale?"

Alikuwa na miaka kumi na minne sasa, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, ukielekea ukutani.

"Sijue. Nikichoka nitakuambia. Bado sijachoka."

Nikaokota kitana, nikamaliza upande uliobaki. Juma lililofuata wifi alikuja, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda chake. Binti akainua uso, akauliza, na mimi nikajibu, "Hajakuya."